Walioambiwa hawana historia

Oliver Jones hakujua kusoma, lakini nyumba yake haikukosa vitabu wala magazeti. Alikuwa Mmarekani Mweusi, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na katika miaka ya 1890 alikuwa akichimba makaa ya mawe huko West Virginia. Jioni, wachimbaji wenzake walijazana kwake kula vitu alivyokuwa akiwauzia na kupiga soga. Kijana mmoja aliyekuwa akichimba nao makaa alikula bure, kwa sharti kwamba awasomee magazeti. Gazeti likiisha, wazee walianza kusimuliana ya vitani na ya utumwani, naye kijana akitega sikio. Huyo alikuwa Carter Godwin Woodson. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanahistoria mwenye jina kubwa, alisema hamu yake ya kujua yaliyowapata watu wake ilikolea katika nyumba ile.

Woodson alizaliwa Virginia mwaka 1875, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Umaskini ulimchelewesha shule. Aliingia sekondari akiwa na umri wa miaka 20 hivi, akaimaliza kwa miaka miwili. Akawa mwalimu, akavuka bahari kufundisha Ufilipino, akarudi kusoma, na mwaka 1912 Chuo Kikuu cha Harvard kikamtunuku shahada ya uzamivu katika historia. Mtu mweusi mmoja tu alikuwa amemtangulia kupata shahada ya ngazi hiyo pale: W. E. B. Du Bois, mwaka 1895. Ilikuwa hapohapo Harvard, kwa simulizi yake mwenyewe, ambapo profesa wake mmoja alimwambia kwamba watu weusi hawana historia.

Hakubishana sana. Septemba 1915, mjini Chicago, yeye na wenzake wachache walianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya Weusi. Mwaka uliofuata akatoa jarida. Mwaka 1921 akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, maana wachapishaji wakubwa hawakuwa na haja na maandishi ya namna hiyo. Kisha Februari 1926 akatangaza Wiki ya Historia ya Weusi. Wiki ile ndiyo iliyokuja kuwa mwezi mzima, na mwaka 2026 imetimiza miaka 100.

Wamarekani Weusi wana utani wao kuhusu jambo hili: kwamba walipoomba mwezi, walipewa ulio mfupi kuliko yote. Utani mzuri, ila mwezi huo hawakupewa na mtu. Woodson aliuchagua kwa hesabu zake. Tarehe 12 Februari watu weusi walikuwa tayari wakiadhimisha kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, na tarehe 14 wakimkumbuka Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa msemaji mkuu wa ukombozi. Sherehe zilikuwapo, yeye alizipa kazi. Alitaka watu waache kuwasifu mabwana wawili tu, wageukie mamilioni waliojenga nchi ile bila majina yao kuandikwa popote.

Kitu kinachosahaulika mara nyingi ni jinsi wiki ile ilivyokusudiwa kufanya kazi. Haikuwa wiki ya kujifunza. Kujifunza kulipaswa kufanyika mwaka mzima, na ile wiki wanafunzi wasimame mbele ya wazazi na jirani waonyeshe walichovuna: maigizo, hotuba, nyimbo, maonyesho ya picha. Chama kiliwatumia walimu mipango ya masomo, picha za kubandika ukutani na maigizo ya tarehe muhimu, na walimu hao, wengi wao wanawake wa shule maskini za Kusini, ndio walioibeba kazi. Sherehe ilipoanza kupata umaarufu, wajanja nao walijitokeza, na Woodson akawaonya walimu wasialike wasemaji wanaojua kidogo kuliko wanafunzi wenyewe. Matumaini yake yalikuwa kwamba siku moja wiki hiyo haitahitajika tena, kwa kuwa historia ya Weusi itakuwa sehemu ya historia ya kila siku darasani. Alifariki mwaka 1950, katika nyumba ya Ninth Street mjini Washington iliyokuwa makazi, ofisi na bohari ya vitabu vyake.

Siku aliyoitumainia haijafika; badala yake wiki ile ilikua. Mwaka 1970 wanafunzi na walimu weusi wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, waliiadhimisha kwa mwezi mzima. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford akautambua mwezi huo rasmi. Uingereza ilianza na yake mwaka 1987, ikachagua Oktoba. Kanada ikaukubali bungeni mwaka 1995 kwa hoja ya Jean Augustine, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika bunge hilo.

Leo, ukifika Februari, duka linabadilisha rangi za mabango na benki inaweka picha ya Martin Luther King kwenye tangazo lake la mikopo. Sisi huku Afrika Mashariki nasi tunaletewa sehemu yetu kupitia filamu na muziki, na wengi tunadhani tumeshawajua Wamarekani Weusi kwa sababu tunajua nyimbo zao. Hata Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi kule, ambao watoto wao hukalishwa darasani kila Februari kujifunza habari hizi, wengi huziona kuwa ni mambo ya watu wengine. Mimi naona mlango mzuri wa kuingilia si orodha ya mashujaa. Ni kuwafuata wale waliookota historia hiyo kipande kwa kipande, kwa sababu ukijua ilivyopatikana, unajua pia pa kuitafuta.

Chukua mfano wa Arturo Schomburg. Alizaliwa Puerto Rico mwaka 1874, na inasimuliwa kwamba akiwa mtoto mwalimu wake alimwambia maneno yaleyale aliyokuja kuambiwa Woodson: Weusi hawana historia wala mashujaa. Alihamia New York, akafanya kazi ya kusimamia barua katika benki, na mshahara wake ukaishia kwenye maduka ya vitabu vikuukuu. Alinunua mashairi ya watumwa, hotuba, michoro, barua za majenerali wa Haiti, vijitabu ambavyo wauzaji walikuwa wakiviona takataka. Mwaka 1926, mwaka uleule wa wiki ya Woodson, maktaba ya umma ya New York ilinunua mkusanyiko wake kwa dola 10,000 zilizotolewa na mfuko wa Carnegie: vitabu zaidi ya 5,000, maandiko ya mkono 3,000 na michoro 2,000. Vilipelekwa kwenye tawi la Harlem, mtaa wa 135. Baadaye Schomburg mwenyewe aliajiriwa kuvitunza, akafanya kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1938.

Jengo hilo sasa ni sehemu ya Schomburg Center, kituo chenye vitu zaidi ya milioni 11, na mlango wake uko wazi kwa yeyote. Chini ya sakafu ya ukumbi wake yamezikwa majivu ya mshairi Langston Hughes, na watu hucheza dansi juu yake kwenye hafla. Mwenyeji wa pwani anaweza kushtuka kusikia hivyo. Wenyeji wa Harlem wanaona ni heshima.

Lakini kati ya visa vyote ninavyovijua kuhusu utafutaji huu, hakuna kinachonikaa moyoni kama cha wimbo wa Georgia.

Katika visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia wanaishi watu wanaoitwa Gullah, au Geechee. Mababu zao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, pamoja na eneo ambalo leo ni Sierra Leone, kwa sababu maalumu: walikuwa wakulima wa mpunga, na matajiri wa Carolina walitaka mpunga lakini hawakuujua. Visiwa vilikuwa na homa na mbu, wazungu wengi wakavikimbia kwa miezi mingi ya mwaka, na watu weusi wakabaki na mambo yao. Walisuka vikapu vya kupepetea mchele kama vya kwao. Waliabudu kwa kuzunguka duara, wakiburuza miguu na kupiga makofi. Wakazungumza lugha yao, ambayo wasomi wazungu waliidharau na kuiita Kiingereza kibovu cha watu wasiosoma.

Lorenzo Dow Turner hakuamini hivyo. Alikuwa mwanaisimu mweusi, mtaalamu wa Kiingereza, na mwaka 1929 alikuwa akifundisha Orangeburg, South Carolina, alipowasikia wanafunzi wa Kigullah wakizungumza. Masikio yake yakamwambia kuna jambo. Miaka ya mwanzo ya 1930 akaingia visiwani na mashine nzito ya kurekodia sauti, akakaa barazani na wazee. Akagundua kwamba mbali na majina ya shuleni na kanisani, watu wale walikuwa na majina ya nyumbani, na mengi ya majina hayo yalikuwa ya Kiafrika. Alikwenda London kusoma lugha za Afrika ili ajue anachokisikia. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1949 kiliorodhesha maneno na majina kwa maelfu, na ile hoja ya Kiingereza kibovu ikafa.

Katika kijiji cha Harris Neck, Georgia, Turner alimrekodi mwanamke aliyeitwa Amelia Dawley akiimba wimbo mfupi. Dawley hakujua maana yake. Aliurithi kwa mama yake, akamfundisha binti yake Mary, na nyumbani kwao ulikuwa wimbo wa watoto wa kuchezea. Turner aliufikisha kwa mwanafunzi mmoja kutoka Sierra Leone, naye akautambua: ni Kimende.

Miaka karibu 60 ikapita. Mwanaanthropolojia Joseph Opala, mtaalamu wa muziki Cynthia Schmidt na mwanaisimu wa Kimende Tazieff Koroma wakaichukua upya ile rekodi. Koroma alitambua kwamba baadhi ya maneno yalikuwa ya lahaja ya upande wa kusini mwa nchi. Schmidt akaenda kijiji kwa kijiji akiwachezea watu sauti ya Amelia, mpaka alipofika Senehun Ngola. Mwanamke aitwaye Bendu Jabati alisikiliza, kisha akaimba naye. Haukuwa wimbo wa watoto. Ulikuwa wimbo wa wanawake wa makaburini, wa kumsindikiza marehemu, na bibi yake Bendu ndiye aliyemfundisha, akimwambia autunze, maana kwa wimbo huo atawatambua ndugu zao waliopotea.

Vita vilikuwa vinaiteketeza Sierra Leone wakati huo, safari ikaahirishwa. Mwaka 1997 Mary Moran, binti wa Amelia, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, alifika Senehun Ngola na familia yake. Yeye na Bendu waliuimba wimbo ule pamoja. Filamu ya mwaka 1998, *The Language You Cry In*, inaonyesha yote hayo, na kama mwalimu ana saa moja tu ya kuwafundisha watoto historia hii, ningemshauri aitumie kwa filamu hiyo kuliko kwa hotuba yoyote.

Familia nyingi hazikubahatika kuwa na wimbo. Mmarekani Mweusi anayetafuta ukoo wake hurudi nyuma kwa urahisi mpaka sensa ya mwaka 1870, halafu hugonga ukuta. Sensa hiyo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa kivyao, na kilichoandikwa ni umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye mali. Mwanamke, miaka 24, mweusi. Mvulana, miaka 6, chotara. Basi.

Wanaovuka ukuta huo huvuka kwa kupekua wosia wa matajiri, hati za mauzo, daftari za benki na kumbukumbu za ofisi ya serikali iliyoundwa mwaka 1865 kuwahudumia walioachwa huru. Wengine husaidiwa na matangazo. Baada ya vita, watu weusi walitumia magazeti kutafutana, na gazeti moja la kanisa mjini New Orleans, *Southwestern Christian Advocate*, lilikuwa na safu yake ya marafiki waliopotea. Tangazo lilikuwa senti 50. Mtu alieleza jina la bwana wake wa zamani, mahali alipouzwa, majina ya kaka na dada, na wachungaji waliombwa kuyasoma matangazo hayo kanisani Jumapili kwa ajili ya wasiojua kusoma. Aliyekulia enzi za matangazo ya vifo redioni, saa ambayo nyumba nzima hunyamaza, ataelewa ukimya uliokuwa ukiingia katika makanisa yale. Watu waliendelea kutangaza hivyo hadi baada ya mwaka 1900, wakitafuta mama waliyemwona mara ya mwisho utotoni. Maelfu ya matangazo hayo yamewekwa kwenye intaneti na watafiti wa Marekani, na yeyote anaweza kuyasoma bila kulipa.

Sherehe yenyewe, ukitaka kuiona ilivyo ya watu na si ya ofisi, ni Juneteenth. Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863, lakini Texas ilikuwa mbali na jeshi la Kaskazini, na mabwana wakaendelea na mambo yao. Ilibidi Jenerali Gordon Granger aingie Galveston na askari, ndipo tarehe 19 Juni 1865 amri ikatolewa. Inakadiriwa watumwa 250,000 walikuwa Texas. Mwaka uliofuata watu wakaanza kuiadhimisha tarehe hiyo, na kwa kuwa mara nyingi walinyimwa viwanja vya kukutania, weusi wa Houston walichanga fedha, wakiongozwa na mchungaji Jack Yates na wenzake, na mwaka 1872 wakanunua ekari 10 za kusherehekea. Eneo hilo bado lipo. Linaitwa Emancipation Park.

Chakula cha siku hiyo ni chekundu: tikitimaji, soseji, keki, na juu ya yote kinywaji chekundu. Wapo wanaosema wekundu huo ni kumbukumbu ya damu, na wapo wanaoufuatilia hadi juisi ya choya ya Afrika Magharibi, ileile rozela inayouzwa Kariakoo kwenye chupa za maji zilizotumika. Nyama huchomwa tangu asubuhi.

Juneteenth haikuwa sikukuu ya taifa mpaka tarehe 17 Juni 2021. Sehemu kubwa ya sifa hupewa Opal Lee, mwalimu mstaafu wa Fort Worth. Tarehe 19 Juni 1939, akiwa na miaka 12, kundi la wazungu lilivamia na kuharibu nyumba ambayo familia yake ilikuwa imehamia siku chache tu kabla. Mwaka 2016, akiwa na miaka 89, alianza kutembea kwa miguu kuelekea Washington kudai siku hiyo itambuliwe, na katika kila mji alitembea maili mbili na nusu, kwa idadi ya miaka ambayo watumwa wa Texas walicheleweshewa habari ya uhuru wao.

Washington sasa kuna Makumbusho ya Kitaifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi. Wazo lake lilianza mwaka 1915 na maveterani weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sheria ya kuyajenga ilipita mwaka 2003. Yalifunguliwa tarehe 24 Septemba 2016. Mbunifu wake mkuu, David Adjaye, ni Mghana na Mwingereza aliyezaliwa Dar es Salaam. Mkurugenzi wa kwanza, Lonnie Bunch, alianza bila jengo na bila hata kitu kimoja cha kuonyesha. Alikwenda mji kwa mji akiwaomba watu wafungue masanduku ya bibi zao, na vitu vikatoka: shali na kitabu cha nyimbo za dini cha Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani akarudi kuwaokoa wengine, kibanda cha watumwa kutoka kisiwa cha Edisto, jeneza la kwanza la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955.

Kati ya vitu vilivyoonyeshwa humo, vile ambavyo msomaji wa Kiswahili anapaswa kuvijua zaidi ni vipande vya chuma visivyo na mvuto wowote. Vilitoka kwenye meli ya Kireno, *São José Paquete d'Africa*, iliyong'oa nanga Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikielekea Maranhão, Brazili, na watumwa zaidi ya 400. Tarehe 27 mwezi huohuo iligonga miamba karibu na Cape Town. Nahodha na mabaharia waliokoka. Takriban nusu ya mateka walikufa maji, na walionusurika wakauzwa hukohuko. Wapiga mbizi walilikuta gofu lake miaka ya 1980 wakadhani ni meli nyingine. Watafiti walilitambua baadaye kwa kusoma maelezo ya nahodha yaliyohifadhiwa Cape Town, na kwa vyuma vile. Shehena ya watu ni nyepesi kuliko shehena ya bidhaa, hivyo meli ya watumwa huhitaji uzito wa ziada ili isipinduke. Karatasi za Lisbon zilionyesha kuwa São José ilipakia vyuma vya namna hiyo zaidi ya 1,000. Hesabu ya mizani ndiyo iliyotoboa siri.

Waliokuwamo, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa kaskazini mwa Msumbiji, nchi ya Wamakua, ndugu wa Wamakua wetu wa Masasi na Nanyumbu. Mwaka 2015 Bunch alifika Msumbiji kuonana na wazee wao. Chifu mmoja alimkabidhi udongo, akamwomba aunyunyize pale meli ilipozama, ili watu wake walale kwenye ardhi ya kwao kwa mara ya kwanza tangu 1794. Ombi hilo lilitekelezwa Juni mwaka huo, baharini, mbele ya pwani ya Clifton. Tumezoea kusikia kwamba utumwa wa Amerika ni habari ya Afrika Magharibi na sisi wa huku habari yetu ni ya Zanzibar na Uarabuni. Meli hii inakataa mgawanyo huo, na kwa maoni yangu ingestahili ukurasa katika vitabu vya historia vya sekondari zetu.

Sikukuu ya Kwanzaa sitaikalia sana. Mwanaharakati mweusi Maulana Karenga aliianzisha California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts, na kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari familia huwasha mishumaa saba juu ya mkeka na kuzungumzia umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mswahili akisikia anatabasamu: hajawahi kuiona sikukuu hiyo kwao. Lakini familia iliyong'olewa na kuachwa bila lugha ikiamua kuazima yako ili itaje inachokithamini, adabu ni kukaa mkekani na kusikiliza.

Mikono ya pande hizi mbili ilishagusana hata hivyo. Malcolm X alifika Dar es Salaam Oktoba 1964, akakutana na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu; Desemba mwaka huohuo Babu alikuwa jukwaani New York akihutubia wafuasi wa Malcolm. Majira ya joto ya 1964, Robert Moses alikuwa akiongoza harakati za Mississippi ambako shule za uhuru zaidi ya 40, katika makanisa na vibarazani, ziliwafundisha wanafunzi zaidi ya 2,000 historia ambayo shule za serikali ziliwanyima. Miaka michache baadaye Moses huyohuyo alikuwa mwalimu wa hisabati Same, Kilimanjaro. Wapo watu wazima leo waliojifunza hesabu kwake. Sijui ni nani aliyewahi kuwauliza wanakumbuka nini, na umri hauwasubiri.

Kwa anayetaka kuanza leo bila viza na bila nauli, Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka wazi kwenye tovuti yake simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliowahi kuwa watumwa, zilizokusanywa kati ya 1936 na 1938. Zisome kwa tahadhari: waulizaji wengi walikuwa wazungu wa Kusini, na mzee mweusi wa wakati ule alijua lipi la kusema mbele ya mzungu na lipi la kumeza. Zipo pia sauti chache zilizorekodiwa. Mojawapo ni ya Fountain Hughes, aliyezungumza mjini Baltimore mwaka 1949, akisema ana umri wa miaka 101. Babu yake alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, mwandishi wa tamko la uhuru wa Marekani na rais wa tatu wa nchi hiyo. Mazungumzo ni ya takriban nusu saa, na kupakua ni bure. Anza na hiyo, mkiwa nyumba nzima.